Salamu kwa Mke wa Nahodha

Siku robota la mitumba linapofunguliwa sokoni Masasi, usivae kanga unayoipenda. Kamba zikikatwa tu watu wanavamia. Huyu kashika mguu mmoja wa suruali, yule kashika wa pili, na mwenye mali anapaza sauti bila kusikilizwa na mtu. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa miaka michache tu nyuma, na watu waliovaa viraka kwa muda mrefu walikuwa bado hawajashiba kuchagua.

Siku moja ya vurugu hiyo mwenye meza alikuwa Faidha, binti wa Newala, amesimama juu ya stuli ili aone mikono ya wezi. Alivaa gauni la maua ya zambarau, kitambaa cheupe amekifunga kisogoni. Hakuwa mtu wa kelele. Kazi ya kelele alimwachia jirani yake wa meza, Scholastika, Mmakua mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Katikati ya vurugu ile mkono wa mwanamume ulivuta kitu chenye rangi ya chungwa lililoiva. Kilikuwa kama fulana isiyo na mikono, nene, ngumu kama godoro, ina mikanda mitatu ya kufungia kifuani.

"Dada, hii ni nguo gani?" aliuliza.

Faidha alikuwa hajawahi kuiona nguo ya namna ile, lakini muuzaji hasemi hajui. "Fulana ya baridi, kaka. Ya Ulaya. Ukiivaa Newala mwezi wa saba, umande haukupati."

"Na hii?" Kwenye bega la fulana ilining'inia filimbi ndogo nyeupe, imefungwa kwa uzi.

"Ya kumwitia mke alete chakula."

"Sina mke."

"Basi anza kupuliza. Atakayegeuka ndiye huyo."

Kijana akaitia filimbi mdomoni akapuliza. Nusu ya soko iligeuka, lakini yeye alikuwa anamtazama Faidha tu. Faidha akacheka hadi akashuka kwenye stuli.

Kijana yule aliitwa Halfani, fundi radio, mwenyeji wa Masasi. Kibanda chake kilikuwa karibu na stendi, ubavuni mwa duka la Mzee Nasibu. Alikuwa mrefu, mtaratibu, vidole vyake vina makovu madogo ya risasi ya kulehemu waya. Tangu siku ile alivaa fulana yake ya chungwa kila asubuhi ya baridi. Vijana wa stendi walimwita Karoti. Hakujali. Akipita mbele ya meza ya Faidha alipuliza filimbi mara moja, fupi, bila kusimama, na Faidha aliendelea kupanga nguo kama hakusikia. Lakini siku alipochelewa, hata kukunja blauzi kulimshinda.

"Treni yako haijapita leo," Scholastika alimchokoza.

"Treni gani?"

"Hiyo inayokufanya ukunje sketi moja mara nne."

Ilipita miezi mitano. Wakawa wanakula muhogo wa kuchoma pamoja saa za mchana, Halfani akimsimulia habari za waya na betri, Faidha akimsimulia habari za kwao, jinsi wanavyoshuka bondeni kuchota maji na kuyapandisha mlima kichwani. Siku moja Halfani aliuliza bila kuzunguka.

"Nikitaka kuja kwenu, nimwone nani?"

Faidha aliweka muhogo chini. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema. "Mwenye kauli yangu yuko mbali. Ngoja. Nitakupeleka mwenyewe."

Halfani akangoja.

Mwishoni mwa mwezi wa sita mama yake Faidha aliteguka mguu akitoka kisimani, naye akarudi Newala kumsaidia. Meza alimwachia Scholastika. Siku ya tatu, mchana, Halfani alikuwa amemaliza kutengeneza radio ya mteja akaiwasha kuijaribu. Ilikuwa saa ya kipindi cha salamu. Mtangazaji alisoma kadi moja baada ya nyingine, watu wa Tanga, watu wa Kigoma, kisha akasema:

"Nahodha Mohamedi wa Mikindani anamsalimu mke wake mpenzi, Faidha, muuza nguo soko la Masasi. Anasema, mke wangu, usikose mashindano ya ngalawa siku ya Sabasaba. Utanijua kwa tanga jeupe lenye kiraka chekundu. Nimekukumbuka sana."

Halfani alizima radio. Akaiwasha tena, kama vile maneno yale yangeweza kubadilika. Mtangazaji alikuwa ameshafika kwa watu wa Mwanza.

Muuza nguo wa Masasi mwenye jina hilo alikuwa mmoja tu. Na lile neno lake, mwenye kauli yangu yuko mbali, sasa lilimrudia likiwa na uso mwingine. Halfani alipata baridi ambayo fulana isingeizuia. Kwao, mwanamume anayeshikwa na mke wa mtu anaitwa mgoni, na mgoni anatozwa ugoni mbele za watu, na jina lile halimtoki hata akizeeka. Miezi mitano mchana kweupe alikuwa amekaa anakula muhogo na mke wa nahodha.

Keshoye Faidha alipiga simu kutoka posta ya Newala kwenda dukani kwa Mzee Nasibu. Mzee akamwita fundi. Sauti ilikuja na kwenda kama inatoka ndani ya mtungi.

"Haloo, Halfani wangu. Umenisahau?"

"Sijakusahau." Akawapa mgongo wateja wa dukani. "Mumeo hajambo?"

Faidha aliangua kicheko. Nahodha Mohamedi alikuwa babu yake, kaka wa marehemu bibi yake na mkubwa wa ukoo, mzee wa miaka sabini na kitu. Alishuka pwani ujanani kukata mkonge, bahari ikamteka, hakupanda tena Newala ila kwa misiba na harusi. Kama mababu wote, mjukuu wa kike alimwita mke wangu, na tangu Faidha yuko mgongoni mwa mama yake hakuwahi kumwita kwa jina jingine. Faidha alidhani Halfani amezisikia salamu na anatania.

"Hajambo. Kumbe umezisikia? Huyo bwana anapenda kujitangaza."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Kweli kabisa. Mume ndiye huyo, tangu sijaota meno."

Halfani alidhani Faidha aliozeshwa akiwa mtoto. "Na Sabasaba utakwenda?"

"Nisipokwenda atanuna mwaka mzima. Njoo na wewe, mpenzi, muonane. Si ulitaka kumwona mwenye kauli yangu? Ndiye yeye."

"Nije nionane naye," Halfani alirudia polepole. "Mimi."

"Ndiyo. Njoo na filimbi y..."

Dakika tatu alizolipia zikaisha, simu ikakatika.

Faidha alipiga tena Jumatano, akapiga tena Ijumaa. Mara zote mbili Mzee Nasibu alisema fundi hayupo. Mara zote mbili fundi alikuwa amesimama mbele yake anatikisa mkono. Mzee aliweka chini simu ya pili akasema, "Mwanangu, uongo huu unaniumiza mimi kuliko wewe. Yule binti hata hakukata. Alibaki anahema tu."

Halfani alirudi kibandani. Alikuwa na mjomba Dar es Salaam ambaye muda mrefu alimwita akafanye kazi kwenye duka kubwa la radio, na muda mrefu alikuwa anakataa. Wiki ile alikubali. Barabara ilikuwa mbaya, watu wa kusini walikwenda Dar kwa meli, na meli ilikuwa inaondoka Mtwara siku moja baada ya Sabasaba. Alifunga vifaa vyake vya ufundi kwenye begi, akavaa fulana yake ya chungwa, akapanda basi. Mikindani iko njiani kabla ya Mtwara. Alijiambia atashuka kidogo tu, amwone kwa macho huyo mwanamume, ili akifika Dar asiwe anamwaza mtu asiye na sura.

Ufuko wa Mikindani siku ile ulijaa. Ngoma, samaki wa kukaanga, akina mama wa kanga mpya zinazonukia dukani. Kutoka ufukoni ngalawa zilionekana mwanzo na mwisho tu, kwa hiyo mtu mmoja aitwaye Haji alikodisha mashua yake ya mashine, watu wanachangiana, awapeleke katikati ya ghuba waone mbio zote. Halfani aliwahi nafasi ya mbele. Mashua ilikwisha sukumwa majini ndipo wanawake wawili wakaja mbio, wamepandisha nguo magotini, viatu mkononi.

"Tungoje, sisi wa bara, maji hatuyajui," mmoja alipaza. Sauti ile Halfani aliitambua kabla hajageuka. Alikuwa Scholastika. Na nyuma yake, gauni la maua ya zambarau.

Haji aliwavuta mmoja mmoja. Faidha alikaa, akainua macho, akaona rangi ya chungwa. Uso wake ulifunguka wote.

"Umekuja," alisema.

"Napita tu. Kesho nina meli."

Uso ukajifunga. "Meli ya wapi?"

"Dar."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Mashine ilikohoa ikawaka, na mashua ikaondoka na wote watatu. Faidha hakuuliza tena. Alishika ubao kwa mikono miwili. Kwao maji yalikuwa kitu cha kubebwa na mtu kichwani, na leo, kwa mara ya kwanza, maji ndiyo yaliyombeba yeye. Kila wimbi lilipogonga alifumba macho, midomo ikienda kimyakimya.

Halfani alitazama baharini. Akatazama vidole vya Faidha. Akatazama tena baharini. Kisha akaanza kufungua mikanda ya fulana.

"Vaa hii."

"Sisikii baridi."

"Umesema mwenyewe ni ya baridi. Vaa."

Haji aliyekuwa kwenye mashine akacheka. "Kaka, hiyo si ya baridi. Hilo boya. Mtu akianguka majini linamfanya aelee. Filimbi ni ya kuita watu wakuokoe. Nani kakuuzia kama koti?"

Mashua nzima ikacheka. Faidha naye alitaka kucheka, lakini Halfani alikuwa ameinama anamfunga mikanda, mmoja, wa pili, wa tatu, taratibu kama anafunga kifuniko cha radio, na hakuwa anamtazama usoni.

"Nimekukosea nini, Halfani?" alinong'ona.

"Si wewe. Mimi ndiye niliyekaa pasipo pangu."

Kabla hajafafanua, bunduki ya kuanzia ililia ufukoni.

Ngalawa kumi na moja zilipandisha matanga kwa pamoja, na upepo wa kusi ukayajaza kwa mshindo kama mlango unaobamizwa. Wale ambao hawajawahi kuona hudhani ngalawa inaelea. Siku ile hazikuelea. Zilichana maji, upande mmoja umenyanyuka juu, vijana wa mizani wamening'inia nje kwenye miti ya ubavuni, migongo inagusa povu. Haji aliongeza mashine hadi mwisho asiachwe, wapi. Ziliwapita kama mashua imetia nanga.

"Tanga la kijani linaongoza," Haji alisema.

"Liko wapi jeupe lenye kiraka chekundu?" Halfani aliuliza, sauti kavu.

"Lile kule, la tatu. Ngoja wazunguke boya la kugeuzia uone. Yule hawezekani kwenye kona."

Na kweli. Kwenye kona ngalawa mbili za mbele zilitanuka, ile ya kiraka ikakata ndani, ikapinda karibu kabisa na boya, tanga likapiga kofi moja likajaa tena. Ilipotoka ilikuwa ya kwanza. Njia yake ya kurudi ilipita palepale ilipokuwa mashua ya Haji. Ilikuja inakua, inakua, hadi sauti ya maji ikisuguana na ubao ikawa kubwa kuliko ya mashine. Wimbi lake likainua mashua. Faidha alipiga yowe akamkumbatia Halfani shingoni.

Halfani alitazama kwenye usukani. Mwenye usukani alikuwa mzee. Mzee kabisa, mwembamba kama kasia, kofia ya kiua imekaa upande, meno mawili tu ya mbele, na anacheka.

"Mke wangu!" mzee alipaza. "Huyo unayemkumbatia ni nani?"

Akapita.

Halfani alibaki amekodoa macho. "Yule ndiye?"

"Ndiye nani?"

"Mumeo. Nahodha Mohamedi."

"Ndiye babu, ndiyo." Faidha alimwachia shingo, akamtazama. Alimtazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa kwenye mwanga kabla ya kukinunua. "Halfani. Wewe ulidhani nani?"

Halfani akaitazama ngalawa iliyokuwa inatokomea.

Scholastika ndiye aliyeelewa wa kwanza, akajipiga paja. "Mama yangu. Fundi alidhani mume wa ndoa. Haya, wewe bibi yako pale Lukuledi anakuitaje?"

"Mume wangu," Halfani alisema kwa sauti ndogo.

"Na umemwoa lini?"

Watu wa mashua walicheka hadi Haji akapunguza mashine. Halfani hakucheka. Alijisikia kama mtu aliyepanda mlima wa Newala na ndoo kichwani, sasa imeshushwa, shingo yenyewe inataka kuruka. Kisha akaona macho ya Faidha yamejaa.

"Nimekupigia mara mbili," Faidha alisema. "Kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu."

"Niliogopa ungenijibu."

Faidha alifuta macho kwa ncha ya kanga. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa yote. "Mjinga wewe. Wiki nzima nimekaa nadhani umekimbia mzigo wa kumuuguza mama yangu." Akainyanyua filimbi kwenye bega lake, akamnyooshea. "Wiki mbili sijaisikia hii. Puliza."

Halfani aliinama, kwa kuwa uzi ulikuwa mfupi, shavu lake karibu na la Faidha, akapuliza. Hakupuliza ile fupi ya sokoni. Alipuliza pumzi yote aliyokuwa ameibana tangu siku ya salamu.

Upepo uliibeba sauti ile juu ya maji. Kule mbele, ngalawa ya kiraka chekundu ilikuwa inakaribia mwisho, na mwisho ulitangazwa kwa filimbi ya mwamuzi. Vijana wa nahodha walisikia filimbi. Wakarusha mikono juu, wakaachia kamba, tanga likashuka. Ngalawa ikasinzia hatua chache kabla ya mstari, na tanga la kijani likawapita kama halikuwaona.

Kwenye mashua watu wote walimgeukia Halfani.

"Aa," alisema Haji. "Hapo sasa mmeharibu."

Walipofika ufukoni Nahodha Mohamedi alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, watu wamemzunguka. Hakuwa anacheka. "Namtaka aliyepuliza," alikuwa anasema. "Simpigi. Nataka kumwona tu."

Faidha alimshika Halfani mkono. "Ungoje apoe. Tutakuja kesho."

"Nilingoja bila kuuliza, nikajikuta na tiketi ya meli," Halfani alisema. Akateremka, maji yakamlowanisha suruali, akaenda hadi mbele ya mzee akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Halfani, fundi radio wa Masasi. Filimbi nilipuliza mimi. Na nimekuja kumposa mke wako."

Kuna mtu nyuma alikohoa. Mzee alimpandisha macho, akamshusha. Akamtazama Faidha aliyesimama kwenye mashua na boya lake la chungwa, amefunga mikono kifuani.

"Ushindi wangu umeuchukua," mzee alisema. "Wewe na mke wangu nimewakuta mmekumbatiana, mbele ya macho yangu. Sasa unataka na baraka. Wewe unajua kwetu mgoni anafanywaje?"

"Anatozwa ugoni, babu."

"Utalipa?"

"Utakachosema."

Mzee alitafuna midomo yake kwa muda. "Radio yangu imekufa," alisema mwishowe. "Nimetuma kadi ya salamu, hata sikujua kama ilisomwa."

"Ilisomwa," Halfani alisema. "Nani asiyejua. Mimi nilikuwa nakwenda Dar kwa sababu yake."

Hapo midomo ya mzee ikamshinda. Yale meno mawili yakatoka nje, na watu wote waliokuwa wamebana pumzi wakaiachia.

Radio ililetwa, imefungwa kwenye kanga kuukuu. Halfani aliazima makaa kwa mama wa samaki, akachoma ncha ya chuma chake cha kulehemu, akakaa juu ya mchanga akafungua. Chumvi ilikuwa imekula waya mmoja. Faidha alichuchumaa kando yake, bado amevaa boya, akimshikia skrubu kiganjani zisipotee. Ilipolia, nahodha aliiweka sikioni, akasikiliza hadi mwisho wa wimbo.

"Haya," alisema. "Nimemwacha. Lakini usinichukulie mwanamke ufukoni kama pweza. Lete wazee wako Newala, kwa mama yake. Nitapanda mwenyewe."

Meli iliondoka kesho yake na mtu mwingine kwenye nafasi ya Halfani.

Walioana baada ya msimu wa korosho. Na siku moja mchana, soko la Masasi limechangamka, radio ya Mzee Nasibu ilisikika hadi kwenye meza za nguo:

"Nahodha Mohamedi wa Mikindani anamsalimu aliyekuwa mke wake, Faidha, pamoja na mgoni wake, fundi Halfani. Anasema, mwaka huu njooni kwenye mashindano, lakini filimbi muiache nyumbani."

Scholastika alikaa chini kwa kicheko. Faidha aliendelea kukunja sketi, kama hakusikia. Kisha, kutoka upande wa stendi, ikalia mara moja, fupi. Akaweka sketi chini, akageuka.